Malkia wa Chumvi Aliyeozesha Nyama

Wasomaji wangu, mara ya mwisho tuliachana nikiwa nimeushika mkate kwa mikono miwili mbele ya mume wangu Maksut, naapa. Mnakumbuka. Alinikuta nacheza gemu la simu huku maziwa yanaungua jikoni, moshi umejaa nyumba nzima na mama yake anakohoa chumbani. Nikaapa kwamba sitaligusa tena gemu lile, na nikiligusa, mkate huo unipofushe macho.

Kwetu mtu haapi kwa mkate kwa mzaha.

Basi leo nawaambia kilichofuata. Wasomaji mlioniandikia kunipa pole, zirudisheni mfukoni pole zenu. Hamjasikia bado.

Gemu nililiacha kweli, siwadanganyi. Kisha ujumbe ukaingia kwenye simu.

"Malkia wa Chumvi, uko wapi? Tunakufa njaa huku!"

Alikuwa Shoka, jamaa wa Bishkek ambaye sijawahi kumwona uso, lakini sauti yake naijua kuliko ya kaka zangu.

Kwa wasiolijua, gemu letu ni la kuokoka kwenye nchi ya theluji. Mnaishi kundi zima ndani ya kibanda cha magogo. Wengine wanawinda, wengine wanakata kuni, na mimi napika. Nyama mbichi ukiiacha inaoza. Juu ya kila kipande kuna mstari mdogo: ukiwa wa kijani nyama ni nzima, ukiwa wa njano fanya haraka, ukiwa mwekundu tupa. Mimi nilijua kuitia chumvi, kuikausha kwa moshi, kuitundika penye upepo, kuufunika mchuzi kwa mafuta ili ukae. Tangu nijiunge nao, kundi halikuwahi kutupa hata mfupa. Ndiyo maana wakaniita Malkia wa Chumvi.

Nyumbani hakuna aliyewahi kuniita malkia wa chochote.

Nikamjibu Shoka, "Nakuja."

Sasa nifike kwenye nyama yenyewe, ile ya kweli.

Kila baridi ikianza tunachinja farasi, na nyama yake ndiyo tunayokula hadi majira yageuke. Ila si yote ni yetu. Kuna fungu la ndugu mkubwa, nyama ya nyonga pamoja na soseji nono ya mbavu, na fungu hilo ndilo sibaga. Linamngoja mwenyewe hata achelewe namna gani. Akija akakuta mmelila, ni kama mmemtoa kwenye ukoo.

Baridi ya mwaka jana, Baba Mkubwa alikuta limeliwa. Huyo ni kaka wa marehemu baba mkwe wangu. Tulikuwa msibani, marehemu ndiyo kwanza amezikwa, wageni wanaingia na kutoka, na mtu mmoja jikoni akalitia chunguni bila kuuliza. Baba Mkubwa alikula alichopewa, akavaa kofia yake, akaondoka. Hakukanyaga tena mlango wetu.

Jina lake msiniulize. Kwetu mke hatamki majina ya wakubwa wa upande wa mume, kamwe, na hata hapa gazetini silitaji. Mama mkwe wangu, tunayemwita Apa, ameolewa katika ukoo huu ujana wake wote na uzee wake wote, na jina hilo sijawahi kulisikia likimtoka mdomoni. Yeye humwita Kaka Mkubwa, basi.

Baridi hii Apa alitenga sibaga kwa mkono wake mwenyewe. Farasi alikuwa jike la kijivu, wa mwisho katika wale aliowaacha marehemu. Apa akachomoa uzi mwekundu kwenye shali ya mumewe, akaufunga kwenye soseji, akaniagiza nikaitundike kwenye roshani, kona ya ndani kabisa. Nyama nyingine yote tuliila, hadi roshani ikabaki na sibaga peke yake.

"Kunsulu," akaniambia, "hii hata tukila ngozi za viatu, usiiguse."

"Sawa, Apa."

"Kifua changu hakiniruhusu kutoka huko kwenye baridi. Wewe ndiye macho yangu."

"Usiwe na wasiwasi, Apa. Mimi kutunza nyama najua."

Na nilimaanisha. Kichwani mwangu nilikuwa nauwaza ule mstari wa kijani.

Hapa mjini kwetu Kokshetau roshani zimezibwa vioo, na wakati wa baridi ndizo friza za watu. Nyama ukiitundika huko inakuwa jiwe. Hakuna mtu mwenye akili anayekwenda kukaa huko, na ndiyo maana nikaona ni mahali pazuri pa kujificha.

Mchana Maksut yuko kazini, Apa anakaa mbele ya tamthilia yake. Mimi navaa koti.

"Apa, naenda kuiangalia nyama."

"Nenda, mwanangu. Mungu akubariki."

Nafunga mlango, nakaa kwenye kigoda chini ya sibaga, navaa hedifoni, naingia kwenye kibanda cha magogo.

Tatizo lilikuwa simu. Baridi ile inaua betri, simu inazima ghafla ukiwa katikati ya kukausha samaki. Na vidole vinakufa ganzi, unagusa chumvi unachukua sukari. Nikakumbuka hita ndogo ya marehemu iliyokuwa uvunguni mwa kitanda. Nikaitoa kwa kuificha ndani ya koti, nikaichomeka.

Siku ya kwanza niliiwasha kidogo tu.

Siku zilizofuata nilivua koti.

Na Apa huko ndani, kwenye simu na jirani yetu Zeinep, anajigamba kwa sauti ya kusikika ghorofa nzima: "Mkamwana wangu! Kila siku yuko kwenye baridi analinda nyama ya shemeji yangu! Wa kwako analinda nini? Kucha zake?"

Nilisikia. Nikaongeza sauti ya hedifoni.

Siku moja kundi lilirudi kutoka mawindoni na kulungu watatu kwa mpigo, na dhoruba nyuma yao.

"Malkia! Mstari umeshakuwa wa njano!" Shoka akapiga kelele.

"Tulia. Lete chumvi. Na kwenye moshi weka kuni mbichi, siyo kavu."

"Itaoza!"

"Kwangu nyama haiozi, Shoka. Waulize wenzako."

Nikiwa nasema hivyo, tone likaniangukia shingoni. Nikalifuta. Nilidhani ni jasho la vioo.

Tuliwaokoa kulungu wote. Kundi zima likanishangilia, mtu mmoja akapiga filimbi hadi masikio yakaniuma. Bado nacheka peke yangu, nikasikia Apa ananiita, sauti yake imebadilika. Nikachomoa hedifoni nikakimbilia ndani.

Apa alikuwa amesimama katikati ya sebule, simu kifuani, machozi yanamtiririka.

"Anakuja," akasema. "Kaka Mkubwa anakuja kesho. Amesema mwenyewe, 'Shemeji, nimesikia umeniwekea fungu langu.' Kunsulu, mwanangu, amesema 'shemeji'!"

"Alhamdulillahi, Apa."

"Kesho asubuhi na mapema utanishushia nyama. Ngoja, nataka hata kuigusa leo. Nenda kailete."

"Apa, itayeyuka," nikasema haraka. "Nitaileta asubuhi."

"Kweli. Kweli, una akili wewe." Akanipapasa shavu.

Nikarudi roshani. Hita ilikuwa bado inawaka. Nikanyoosha mkono nikaibonyeza nyama ya nyonga, na kidole kikazama.

Uzi mwekundu ulikuwa unanata. Nikanusa. Nikanusa tena, nikitumaini pua yangu ina kasoro.

Nisizunguke. Ilikuwa inayeyuka mchana nikiwasha hita, inaganda nikiizima, kesho yake inayeyuka tena, na mimi nimekaa chini yake najisifu kwamba kwangu nyama haiozi. Nyama ya kweli haina mstari juu yake, na mimi sikuwahi hata kuinua macho.

Mnajua nilifanya nini? Mtanicheka. Nilivaa hedifoni.

"Shoka. Nyama ikishakuwa nyekundu, kuna dawa?"

"Malkia, wewe ndiye uliyetufundisha. Ikiwa nyekundu, tupa."

"Na kama huwezi kuitupa?"

"Kwa nini usiweze?" akacheka. "Si gemu tu?"

Nikazima simu.

Kutupa sibaga kwenye pipa la uani nisingethubutu. Zeinep anajua hadi maganda ya viazi ya kila nyumba. Nikaitia kwenye gunia la unga, nikateremka kwa ngazi za nyuma, nikaificha kwenye buti la gari la Maksut. Gari lile baridi ikizidi haliwaki, linakaa tu uani. Nilipanga nikienda kwa dada yangu nje ya mji niwape mbwa. Kabla sijafunga, nikaufungua ule uzi mwekundu, nikautia mfukoni.

Nikaenda sokoni mbio.

"Nataka nyama ya nyonga na soseji nono ya mbavu. Iwe kama ya nyumbani."

"Dada, zote za nyumbani," muuzaji akasema. "Kwani farasi wanaishi hotelini?"

Nikachagua ile iliyofanana zaidi. Nyumbani niliufua uzi kwa sabuni, nikaukausha kwa hita, hita ileile, nikaufunga kwenye soseji ya sokoni. Fundo likanishinda mara mbili. Nimefanya mengi ya kijinga na nimewasimulia, lakini kwa lile fundo sikuweza kumwangalia Maksut usoni jioni ile. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Kesho yake Apa alipika tangu alfajiri. Chakula chetu cha heshima ni besbarmak, nyama iliyochemshwa juu ya vipande vipana vya unga, na harufu yake ikajaa hadi kwenye ngazi.

Baba Mkubwa akafika na theluji kwenye nyusi. Akabaki mlangoni: alisimama tu, hakuvua viatu. Akamtazama Apa. Apa akamtazama.

"Kaka Mkubwa," Apa akasema, "chakula kinapoa."

Ndipo akavua viatu.

Tukamkalisha mahali pa juu. Apa akaleta sinia mwenyewe, akaliweka mbele yake, soseji juu, uzi mwekundu bado umefungwa. Baba Mkubwa akaugusa kwa ncha ya kisu.

"Shali ya ndugu yangu."

"Ndiyo, Kaka Mkubwa."

Akakata, akatia kipande mdomoni, akatafuna. Mzee yule amefuga farasi maisha yake yote. Nilikuwa nimesimama na birika la chai mkononi, nasubiri aiteme. Nilikuwa tayari kabisa, hata machozi nilishayaweka karibu.

Akakiweka kisu chini.

"Ndiye yeye," akasema. "Jike la kijivu. Alipozaliwa nilimfuta kwa koti langu. Hata nikifumba macho ningemjua."

Na akalia. Mzee mzima mwenye mabega kama mlango, akalia juu ya nyama ya sokoni.

"Shemeji, unisamehe. Mwaka mzima nimekuacha na kilio chako kwa ajili ya kipande cha nyama."

"Nisamehe wewe, Kaka Mkubwa. Nisamehe wewe."

Maksut akageukia dirishani akijifanya anaangalia theluji. Mimi nikamwaga chai kwenye kitambaa cha meza.

"Nani aliitunza vizuri hivi?" Baba Mkubwa akauliza.

"Huyu hapa," Apa akasema, akanivuta mkono. "Kila siku yuko roshani kwenye baridi. Hata tamthilia haangalii."

"Njoo, mwanangu."

Nikasogea. Akainua mikono, wote wakainua. "Mungu akupe nyumba isiyokosa nyama na watoto wenye mikono kama yako," akaomba. Tukaitikia amina. Wengine wakajipangusa nyuso, mimi nikaufunika wangu nikabaki hivyo hivyo hadi Apa akanigusa kiwiko.

Ningekoma hapo, ningekuwa mwongo aliyefanikiwa, na labda ningezeeka na siri yangu. Lakini ngojeni.

Baba Mkubwa alitaka kuondoka mapema kwa sababu dhoruba ilikuwa inakuja na barabara ya kijijini huzibwa. Akateremka Maksut kuliwasha gari la mzee lipate moto. Apa akafunga vyakula vya kupeleka kwa Mama Mkubwa, mke wa mzee.

"Hali yake vipi?" Apa akauliza.

"Yuko kitandani bado. Tangu augue hasikii ladha, hasikii harufu. Chakula anakiangalia tu." Akatikisa kichwa. "Lakini jana ameniambia, 'Nyama ya jike la kijivu ningejaribu.' Nitampikia mwenyewe leo hii."

Maksut akaingia anapuliza vidole, amefurahi kupita kiasi. Akaniinamia sikioni.

"Mke wangu, mmenificha! Nimefungua buti la gari letu natafuta brashi ya theluji, nikakuta gunia. Nyonga nzima na soseji! Kumbe Apa amemwekea na mbichi. Nimeshampakia kwenye gari lake, nimeiweka kiti cha mbele asije akaisahau."

Birika lilikuwa bado mkononi mwangu. Sijui nililiweka wapi.

Usiku mzima gunia lilikuwa nje, limeganda jiwe. Lisingenuka. Lingefika salama, lingetiwa chunguni, na mgonjwa asiyesikia ladha wala harufu angelishwa kijiko kwa kijiko. Na akifa, ukoo mzima ungesema Apa amelipiza kisasi kwa sibaga iliyooza.

Nikamkimbilia Maksut ukumbini. "Ile nyama isiende."

"Nini?"

"Itoe. Nakuomba, itoe kwenye gari."

Akanitazama kama hanijui. "Kunsulu, kipande cha nyama kinakuuma leo? Leo? Baada ya dua ile?"

"Siyo hivyo, ile nyama..."

"Shh! Mzee anavaa viatu. Usinitie aibu."

Mnaona? Akanidhani mchoyo. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kitambo nikaona afadhali anidhani mchoyo. Nikasimama nimeegemea ukuta, nikamwona Baba Mkubwa akiaga, nikamwona Apa akimfungia shali shingoni, nikasikia hatua zake zikiteremka ngazi. Nikajiambia ataisikia harufu mwenyewe. Nikajiambia labda gari litaharibika njiani. Nilijiambia kila kitu isipokuwa kufungua mdomo.

Kisha chini gari likanguruma, na Apa dirishani akapunga mkono akisema, "Nenda salama, mwambie mgonjwa wetu ale hadi ashibe."

Nikatoka na ndara za ndani.

Uani theluji ilinifika vifundoni. Gari lilikuwa linageuka kwenye kona ya mapipa, vioo vimefungwa.

"Baba Mkubwa!" nikaita. "Baba Mkubwa!"

Uani kwetu kila mzee ni baba mkubwa wa mtu. Wazee wawili waliokuwa wanazoa theluji kwa makoleo wakageuka, yeye hakugeuka. Nikakimbia, ndara moja ikabaki nyuma. Nikapiga kelele "Simama!" Zeinep akatoa kichwa dirishani kwake. Gari likafika lango, likawasha taa ya kuingia barabarani.

Kulikuwa na neno moja tu ambalo angeligeukia, na mimi sikuwa na ruhusa ya kulitamka.

"ORAZGALI!"

Mmoja wa wale wazee akaangusha koleo. "Astaghfirullah," nikasikia Zeinep akisema. Juu kabisa, kwenye roshani yetu, mlango ambao Apa haufungui ukafunguliwa, na Apa akatokea nyuma ya kioo, mkono mdomoni. Pembeni yake, kwenye sakafu, hita ilikuwa bado imechomekwa.

Taa nyekundu za gari zikawaka. Likasimama.

Mlango ukafunguka polepole. Baba Mkubwa akashuka, na mkononi ameshika lile gunia la unga, ameliweka mbali na koti lake. Gari lilikuwa limepashwa moto muda mrefu. Tone likadondoka kutoka kwenye gunia, likatoboa theluji, na la pili likafuata.

Akawatazama wale wazee, akamtazama Zeinep, akainua macho hadi kwa Apa.

"Nani," akauliza, "ameniita kwa jina?"

Nikanyoosha mkono juu, kama mtoto wa shule.